Winta inakaribia: taa ya mwanga, vitamini D au ni upweke tu? Wenye ujuzi tuwekane sawa

#1 Mnazi_Kaskazini (Helsinki)

Wakuu, salaam.

Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwa walioko Ulaya, na Jumapili ya kwanza ya Novemba kwa walioko Marekani na Kanada. Kila mwaka ikifika hapo maswali kuhusu sonona ya winta, ile huzuni nzito inayokuja na msimu wa giza, ni yale yale. Mbona mtu analala saa kumi mfululizo na anaamka kachoka? Mbona anakula mkate na wali hashibi? Mbona simu ya nyumbani inaita mpaka inakatika, naye anaitazama tu? Na jibu nalo kila mwaka ni lile lile: "meza vitamini D."

Dai langu ni kwamba jibu hilo linakosa shabaha. Kinachokosekana ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Vitamini D ina kazi yake, kwenye mifupa na misuli, lakini haimwamshi mtu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Dar es Salaam siku ndefu kuliko zote ina mchana wa saa 12 na dakika 31, fupi kuliko zote ina saa 11 na dakika 43. Tofauti haifiki hata saa moja. Helsinki mwezi Juni mchana unakaribia saa 19, na Desemba 21 ni saa 5 na dakika 49. Lugha yetu inahesabu saa tangu jua linapotoka, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa moja. Huku Desemba jua linatoka saa tatu na dakika 24, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mtu kaingia kazini saa mbili na mwili wake bado uko usiku.

Dawa yake ni taa maalumu ya mwanga mkali. Utaratibu wake kwa ufupi: luksi (kipimo cha mwanga) 10,000, dakika 30, ndani ya saa moja baada ya kuamka, kila siku, kuanzia mwisho wa Septemba au Oktoba kabla hali haijashuka. Taa iwe usawa wa macho au juu kidogo, imeinamishwa kukuelekea, upande wa kushoto au kulia kidogo wa uso. Huikodolei macho. Unakunywa chai, unasoma, macho yakiwa wazi. Mabadiliko ya kwanza yanaonekana baada ya wiki moja au mbili.

Anayepinga aje na hoja.

#2 BintiPangani

Naweka kambi hapa. Asante mkuu.

#3 Nesi_wa_Zamu (Leeds)

Nakubali sehemu kubwa, ila kwenye "luksi 10,000" umeacha jambo linalowapoteza wanunuzi wengi. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani. Ile namba ya kwenye boksi haina maana bila umbali wake. Tafuta maandishi madogo: "10,000 kwa sentimita ngapi?" Taa nyingi ndogo za mezani, zenye ukubwa wa kitabu, zinafika 10,000 ukiwa umezisogelea sentimita 15. Hakuna mtu anayekunywa chai hivyo. Akirudi nyuma hadi sentimita 45, umbali umezidishwa mara tatu na mwanga umepungua kama mara tisa. Kabaki na luksi 1,100 hivi, anakaa nusu saa, halafu anatangaza kwamba taa hazifanyi kazi.

Taa inayofaa ina uso mpana na inatoa 10,000 kwa sentimita 40 hadi 50. Kama uliyonayo inafikia 5,000 mahali unapokaa, kaa saa nzima. Kama ni 2,500, ni saa mbili. Programu ya simu ya kupima mwanga inakupa makadirio tu. Kipima mwanga chenyewe hakina bei kubwa, na mkinunua kimoja kwa watu watano mnakizungusha.

Mengine ya kuangalia ni haya: iwe imechujwa mionzi ya urujuanimno, iwe ya mwanga mweupe (ya buluu tupu haihitajiki), na isipepese. Miwani ya macho ya kawaida haina shida. Ile inayobadilika rangi kwenye mwanga mkali uivue.

#4 Mkinga_Asilia

Wadau, huku Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani, na watu wanalima viazi wakiwa na furaha zao. Baridi haijawahi kumletea mtu sonona. Nahisi wenzetu mkifika huko mnadeka.

#5 Mnazi_Kaskazini

Mkinga_Asilia, umenisaidia hoja bila kujua. Makete iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Siku yake fupi kuliko zote, Juni, ina mchana wa saa 11 na nusu hivi, na mkulima yuko nje tangu mapambazuko. Baridi anayo, mwanga anao. Sasa mchukue mkulima huyo huyo, mweke ghala lisilo na madirisha, aingie giza na atoke giza. Tatizo liko kwenye giza, wala si kwenye nyuzi joto. Hakuna anayedeka.

#6 Mkinga_Asilia

Haya, hapo nimekuelewa. Endeleeni.

#7 Mfamasia_Mtaani (Minneapolis)

Mleta uzi umeiondoa vitamini D mapema mno.

Ngozi inatengeneza vitamini D kwa ile sehemu ya mionzi ya jua iitwayo UVB pekee. Jua la winta liko chini sana, mionzi hiyo inaishia angani. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba Boston, nyuzi 42 kaskazini, ngozi haitengenezi kitu tangu Novemba hadi Februari, na Edmonton ni tangu Oktoba hadi Machi. Minneapolis, Toronto, London na miji yote ya Skandinavia iko kaskazini zaidi ya Boston. Sasa ongeza melanini, ile rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile, kwa hiyo hata akiba ya kiangazi tunaanza nayo ikiwa pungufu. Na kukaa dirishani hakusaidii kwenye hili, maana kioo kinazuia karibu UVB yote.

Dozi: Uingereza wanashauri maikrogramu 10 kwa siku, sawa na yuniti 400, vuli na winta kwa kila mtu, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika mwili wakiwa nje. Marekani na Kanada ni maikrogramu 15, yuniti 600, kwa mtu mzima hadi miaka 70. Mwisho wa usalama bila usimamizi wa daktari ni maikrogramu 100, yuniti 4,000. Chukua D3 na uimeze pamoja na mlo wenye mafuta. Ukiinywa kwa chai ya rangi tumbo likiwa tupu, hainyonywi vizuri.

Kinachoharibika ni watu kuchanganya vipimo. Kidonge cha yuniti 50,000 ni cha wiki na ni cha daktari. Kuna anayekimeza kila siku akidhani ni sawa na kile cha dukani. Kalsiamu inapanda kwenye damu: kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kutapika, na figo zinaumia.

Mtu mwenye upungufu mkubwa anachoka, misuli inauma, ngazi zinamshinda. Ukimwekea taa tu, umemtibu nusu.

#8 Mnazi_Kaskazini

Mfamasia, dozi zote nakubali. Lakini tunazungumzia hali ya moyo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2020 lilikuwa na watu 18,353 wenye miaka 50 na zaidi, wakipewa yuniti 2,000 kila siku kwa miaka kadhaa, wengine wakipewa kidonge kisicho na kitu. Sonona haikutofautiana kati ya makundi mawili.

#9 Mfamasia_Mtaani

Jaribio hilo nalijua, na wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Gunia lililojaa ukiliongezea mahindi yanamwagika tu. Halisemi lolote kuhusu mlinzi wa usiku ambaye damu yake inasoma nanomoli 20 kwa lita, wakati zinatakiwa 50.

Ushauri wangu haubadiliki: pima kwanza. Na usipime vitamini D peke yake. Omba pia homoni ya tezi ya shingo, wingi wa damu, akiba ya madini chuma na sukari. Tezi ikiwa mvivu inaleta usingizi, uzito, kuhisi baridi na huzuni, picha ile ile kabisa. Mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kutumia taa mpaka Machi, kumbe ni upungufu wa chuma.

#10 MwanaMuscat

Salaam aleikum. Niongeze jambo kutoka Ghuba. Huku jua ni la kumwaga na bado upungufu wa vitamini D ni wa kawaida kabisa, kwa sababu maisha ni nyumba, gari, ofisi, na mwili umefunikwa. Msimu mgumu kwa wengi ni Juni hadi Agosti, joto linapowafungia watu ndani mchana kutwa. Hata vitabu vya utabibu vinaitambua sonona ya kiangazi, ila dalili zake ni kinyume: mtu anakosa usingizi, anapungua, anakuwa na hasira. Kwa hiyo anayesema "tatizo ni giza tu" aiweke na hiyo kwenye mizani.

#11 Mpinzani_Rasmi (Birmingham)

Nimesoma mpaka hapa. Naomba niguse msingi wenyewe.

Sonona ya msimu iliandikwa rasmi mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani. Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini na alihamia New York, mtu wa jua aliyekutana na winta kama sisi. Mwaka 2016 watafiti walichambua majibu ya Wamarekani 34,294 na hawakuona sonona ikifuata msimu, latitudo (umbali kutoka ikweta) wala urefu wa mchana. Na mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2022 unawataka madaktari wamwambie mgonjwa anayetaka taa kwamba ushahidi wake hauna uhakika.

Mimi naona winta inafunua kilichokuwepo. Kiangazi kuna nyama choma bustanini, kuna mpira, watu wanaonana. Novemba kila mmoja anajifungia. Hapo hapo ndipo nyumbani wanaomba hela za sikukuu, na Januari ada za shule zinagonga hodi. Mtu yuko peke yake chumbani, zamu zimepunguzwa, anajua wanaomtegemea. Mnamwambia akae mbele ya taa?

#12 Nesi_wa_Zamu

Mpinzani, hoja ya upweke naichukua kwa mikono miwili. Ila ule uchambuzi wa 2016 ulitumia maswali ya sonona ya jumla yaliyoulizwa mara moja, haukuwafuatilia watu wale wale winta hadi kiangazi. Anayeshuka kila Novemba na kupanda kila Aprili anapotea ndani ya wastani. Ndiyo maana utambuzi wenyewe unataka mtindo huo ujirudie angalau miaka miwili mfululizo.

Na kuna namba za upande wa pili. Utafiti wa dodoso wa 1990 ulikuta wenye sonona ya msimu ni 1.4% Florida, kusini mwa Marekani, na 9.7% New Hampshire, huko kaskazini.

#13 Mpinzani_Rasmi

Na Iceland je? Iko karibu na mstari wa Aktiki, na walipopimwa kwa dodoso lile lile ilikuwa 3.8%. Mwanga ungekuwa ndio kila kitu wangekuwa wamelala wote.

#14 Kipepeo_Tromsø

Nami nitie neno kwa kuwa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kari Leibowitz, alikaa huku 2014 hadi 2015 akipima namna watu wanavyoitazama winta. Alikuta wa kaskazini wana mtazamo mzuri kuliko wa Oslo, kusini. Wanaipangia: mishumaa mezani, michezo ya theluji, kikundi cha kuimba Jumanne, kahawa kwa jirani Alhamisi. Winta ina ratiba yake.

Na saa za mchana hata bila jua kuna mwanga wa bluu kwa saa chache, theluji inaurudisha juu. Ukiwa nje unaupata. Ukiwa sebuleni na pazia limefungwa, hupati.

#15 BintiPangani

Naomba kuuliza: kwani nje kwenye mawingu kuna mwanga gani wa maana? Huku Manchester Desemba ni kijivu tupu.

#16 Nesi_wa_Zamu

Kuna mwingi kuliko jicho linavyokwambia. Sebule ya kawaida usiku ina luksi 100 hadi 300. Ofisi ni 300 hadi 500. Nje, saa sita mchana, mawingu ya Desemba, unapata 1,000 hadi 5,000. Jicho linajirekebisha, ndiyo maana unadhani tofauti ni ndogo. Nusu saa ya kutembea wakati wa chakula cha mchana, bila miwani ya jua, inaingia kwenye hesabu. Haifikii taa, ila inakupa na mazoezi humo humo.

#17 Fundi_Barafu (Calgary)

Wengi hawatoki kwa sababu wanaogopa kuteleza, na wana haki. Nguo ya kwanza inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya nyuzi za michezo. Pamba inanyonya jasho, inabaki na maji, unaanza kutetemeka. Juu yake kitu cha joto, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Vidole viachiwe nafasi ndani ya buti, soksi mbili zinazobana zinakata damu na miguu inapoa haraka zaidi. Kwa barafu nunua zile kucha za chuma zinazovalishwa kwenye soli, na uzivue kabla ya kuingia dukani maana kwenye vigae ndizo zitakazokuangusha.

Tembea kama bata: hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko.

#18 Tajiri_wa_Dagaa

Hapo kwenye chakula hamjagusa. Kuna anayejua Tampere unga wa sembe mweupe unapatikana duka gani? Ule wa njano haushikani.

#19 Mnazi_Kaskazini

Tajiri, duka la Waasia au la Waafrika, ulizia unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini. Uzi wa maduka uko jukwaa la pili, tusije tukahamia kwenye ugali wote.

Ila umegusa jambo. Tamaa ya wanga ni dalili yenyewe. Sonona ya kawaida mara nyingi inaondoa hamu ya kula na usingizi. Ya winta inaongeza vyote viwili. Mlo wa asubuhi wenye protini, mayai au maharage, unapunguza ile njaa ya saa kumi jioni. Samaki wa mafuta kama vibua, sadini na samoni wana vitamini D ya kweli.

#20 Shehe_Kisauni (London)

Asalaam aleikum. Kwa wanaoswali, winta ina msaada ndani yake, ila watu wanaupoteza. London mwishoni mwa Desemba alfajiri inaingia saa kumi na mbili na robo hivi, jua linatoka saa mbili na dakika sita. Ukiswali alfajiri ukarudi kitandani hadi saa tatu, umeuvunja usingizi vipande viwili na asubuhi yote imekwenda. Ukiswali ukawasha taa na kuvuta uradi au kusoma mbele yake dakika thelathini, umeshapata dozi, na saa ya kuamka haibadiliki Jumamosi wala Jumapili.

Magharibi nayo ni saa kumi kasoro jioni na isha kwenye saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo mtu anaona siku imekwisha, anapanda kitandani saa moja. Hapo ndipo mzunguko unapoharibika. Msikiti, darasa, simu na mama, chochote, lakini usilale kabla ya saa nne.

#21 Mama_wa_Zamu_Tatu

Wakuu, zamu za usiku hamjazigusa, na ndiyo kazi ya wengi wetu: nyumba za wazee, maghala, usafi. Ushauri wa "taa asubuhi" ukifuatwa na mtu anayetoka kazini saa moja asubuhi unamwumiza. Anapata mwanga mkali halafu anatakiwa alale.

#22 Nesi_wa_Zamu

Umesema kweli kabisa. Kwa anayefanya usiku moja kwa moja, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi:

Mwanga mkali uwe nusu ya kwanza ya zamu. Saa mbili tatu za mwisho upunguze. Kahawa ya mwisho saa sita usiku. Ukitoka, vaa miwani ya giza njiani kama uko kwenye basi au treni. Ukiendesha gari usivae, usingizi na giza usukani ni ajali. Nyumbani pazia nzito lisilopitisha mwanga, hata karatasi ya fedha ya jikoni iliyobandikwa kiooni inafanya kazi. Chumba kiwe na ubaridi kidogo, simu iwe kimya. Lala saa mbili asubuhi, amka saa nane mchana, na utoke nje hapo hapo. London una saa mbili kasoro kabla ya machweo. Helsinki una saa moja na kitu, kwa hiyo taa unaiwasha ukiamka, saa nane hiyo hiyo mchana.

Anayebadilishiwa zamu kila wiki asijaribu kuigeuza saa ya mwili kila mara. Achague saa nne za usingizi zisizobadilika wiki zote, kulingana na zamu zake, na zilizobaki ziongezwe kabla au baada. Na kama una historia ya sonona, barua ya daktari inaweza kukusaidia kuomba mzunguko wenye nafuu.

#23 Mfamasia_Mtaani

Kabla watu hawajakimbilia kununua, orodha ya wasiowasha taa bila kuongea na daktari: mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, maana mwanga mkali unaweza kumrusha juu, mwenye ugonjwa wa retina, ikiwemo ile inayoletwa na kisukari, anayetumia dawa zinazoongeza hisia za mwanga, kama doksisaiklini na amiodaroni, na anayetumia lithiamu. Pia mmea unaoitwa St John's wort, unauzwa bila cheti, wengi wanauona ni "wa asili tu". Unaongeza hisia za mwanga, na unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za VVU.

Kichwa kikiuma au macho yakichoka, anza na dakika 15 au rudi nyuma kidogo, ongeza taratibu wiki nzima. Ukianza kuamka saa kumi alfajiri, washa taa kwa kuchelewa kidogo au punguza dakika. Ukijikuta hulali, unaongea haraka, mawazo yanakimbizana, zima na umwone daktari siku hiyo.

#24 Mzee_wa_Saa

Melatonini, ile homoni ya usingizi, je? Marekani inauzwa kama pipi.

#25 Mnazi_Kaskazini

Uingereza ni kwa cheti cha daktari. Alfred Lewy wa Oregon ndiye aliyejenga nadharia kwamba wengi wenye sonona ya winta saa yao ya mwili imechelewa: ukutani ni saa moja asubuhi, mwilini bado ni saa kumi alfajiri. Yeye alitumia melatonini kidogo sana, chini ya miligramu moja, tena alasiri, ili kuivuta saa mapema. Vidonge vya dukani vya miligramu 5 au 10 vikimezwa usiku wa manane vinakuachia ukungu asubuhi. Na alikuta wachache ambao saa yao imewahi, hao taa ya asubuhi haiwafai, wanahitaji ya jioni. Dalili yao: wanasinzia saa mbili usiku na kuamka saa tisa.

#26 Mshauri_Nasaha (Vermont)

Nimekuwa nikisoma kimya. Mpinzani_Rasmi na Mnazi mnavutana kamba ambayo mtu mmoja ameshaipima. Kelly Rohan, chuo kikuu hapa Vermont, aligawa watu 177: wengine taa nusu saa kila asubuhi, wengine tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, vikao 12 ndani ya wiki 6. Mwisho wa wiki 6 walikuwa sawa. Lakini winta ya pili baada ya tiba, sonona ilirudi kwa 45.6% ya wa taa na 27.3% ya wa mazungumzo. Taa inafanya kazi inapowashwa, na watu wanaacha kuiwasha. Ujuzi unabaki.

Vinavyofanyika kwenye vikao hivyo mtu anaweza kuvianza kwa daftari. Chora siku saba. Kila siku andika mambo mawili kabla haijafika: moja la raha, moja la kukamilisha kitu. Yawe madogo na yenye saa: "Jumanne saa kumi na mbili jioni, nampigia dada, dakika ishirini." "Jumatano saa sita na nusu, nazunguka bustani mara mbili." Baada ya kila moja toa alama ya moyo, sifuri hadi kumi, kabla na baada. Wiki mbili zikipita unaona kwa mwandiko wako kipi kinakupandisha.

Kosa kubwa ni kungoja hamu ije kwanza. Kwenye sonona kitendo kinatangulia, hamu inafuata nyuma. Kosa la pili ni kuandika "kufanya mazoezi". Hiyo haina saa wala mahali, haitafanyika.

Kisha sentensi unazojiambia. "Winta imenimaliza" iandike, halafu andika chini yake unachokijua kwa hakika: "Saa tisa kumekuwa giza, nimechoka, na Jumapili iliyopita nilitoka na ikawa 4 kwenda 6." Usijilazimishe kuisifu theluji. Iandike jinsi ilivyo tu.

#27 Mpinzani_Rasmi

Hii sasa inashikika. Ila anayefanya kazi mbili atapata wapi vikao 12?

#28 Mshauri_Nasaha

Uingereza sehemu ya England unajiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS (huduma ya afya ya umma), ukiwa na miaka 18 na kuendelea, bila kupitia kwa daktari wako. Mengi yanafanyika kwa simu au mtandaoni. Mkalimani ni bure. Sema wazi tangu kujiandikisha: "nahitaji mkalimani wa Kiswahili", na kama hutaki awe mtu wa jumuiya yenu, omba wa simu wa mji mwingine. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Dawa nazo zipo. Jaribio la Kanada la 2006 lililinganisha taa na fluoksetini miligramu 20 kwa wiki 8, na nafuu ilikuwa 67% kila upande. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka huo huo kuzuia sonona ya msimu, inaanzwa vuli na kupunguzwa masika, ila haifai kwa mwenye kifafa.

Na wakati wa kuacha kujitibu: siku nyingi kwa wiki mbili huzuni haiondoki, huogi, kazi inakushinda, au mawazo ya kutaka kufa yamekuja. Hilo la mwisho halingoji miadi. Marekani na Kanada piga 988. England piga 111 uchague namba 2. Uingereza nzima 116 123 ni bure saa zote. Ukiwa hatarini saa hiyo, 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Amerika Kaskazini.

#29 BintiPangani

Asanteni sana. Sasa Desemba 21 ikipita siku zinaanza kurefuka, naruhusiwa kuzima taa wiki ile?

#30 Mnazi_Kaskazini

Hapana, na wengi wanaangukia hapo. Siku fupi kuliko zote siyo yenye mawio yanayochelewa zaidi wala machweo yanayowahi zaidi. London machweo ya mapema zaidi ni kama tarehe 12 Desemba, baada ya hapo jioni zinaanza kurefuka. Mawio yanaendelea kuchelewa mpaka karibu na mwaka mpya. Kwa hiyo unaona jioni inang'aa kidogo, unadhani umevuka, kumbe asubuhi, ile tunayoihitaji, ndiyo ya mwisho kurudi. Endelea hadi Machi, ukianza kuamka na jua likiwa dirishani. Halafu punguza dakika kumi kila wiki.

#31 Mpinzani_Rasmi

Na siku za Jumapili usiitumie peke yako. Alika mtu, wekeni taa katikati ya meza mnywe chai wote.

#32 Nesi_wa_Zamu

Katikati haitawafikia wote kwa sentimita 45. Kaeni upande mmoja.

#33 BintiPangani

Nimepima meza. Wawili tunatosha.